Shairi la "Amina" la Shaaban Robert: Tumaini la Muumini Mbele ya Mauti

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani miongoni mwetu aliye mwema zaidi wa vitendo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefiwa na wazazi, mke, watoto na masahaba, akalia, akasubiri, na akatufundisha la kusema. Ama baad.

Ndugu msomaji, yapo mashairi ya Kiswahili ambayo watoto wetu wanayajua kwa moyo kutoka shuleni, lakini sisi tulio katika madrasa na misikiti hatujakaa tukayapima kwa mizani ya elimu yetu. Mojawapo ni shairi la "Amina", alilolitunga Shaaban Robert baada ya kufiwa na mkewe aliyekuwa na jina hilo. Shairi limo katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Walimu wa lugha wamelieleza mara nyingi kwa upande wa vina, mizani na tamathali za usemi. Makala hii inaliangalia kwa upande mwingine: je, tumaini lililomo ndani yake ni tumaini la muumini, au ni maneno matamu ya kujiliwaza tu? Swali hili lina uzito, kwa sababu majibu yake yanatugusa sisi tunaosimama makaburini na kukaa na wafiwa.

Mtungaji na shairi lake

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, na alifariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kazi za ukarani serikalini, na miaka yake mingi ya mwisho wa utumishi aliifanya hapahapa Tanga. Jina la Robert limewafanya baadhi ya wasomaji wa mbali wadhani kuwa hakuwa Muislamu. Alikuwa Muislamu, mtu wa pwani, na maandishi yake yamejaa msamiati wa dini kama ulivyosemwa majumbani mwetu. Wapo pia miongoni mwetu wanaomwona kuwa ni mwandishi wa shule tu, wala si mtu wa kunukuliwa darsani. Hao nao tunawaomba wasubiri mpaka mwisho wa makala.

Shairi lenyewe si refu. Mtungaji anazungumza na marehemu moja kwa moja kama kwamba anamsikia. Anamfananisha na ua lililochanua kisha likafumba. Anamwombea nuru na kupokelewa Peponi. Anataja kwamba mapenzi waliyoyafunga baina yao hayana mtu wa kuyafungua. Anakiri kuwa alitamani mkewe ainuke kitandani, na alimwombea dua kwa ajili hiyo, lakini Mungu alimtwaa. Na kule kutwaliwa anakunasibisha na rehema ya Mungu. Anasema majonzi yake hayaelezeki. Anaeleza imani yake kwamba roho haziozi wala hazipotei. Anajipa faraja kuwa mkewe amefika mahali ambapo taabu hazimfuati tena. Kisha anamaliza kwa dua, akitazamia siku ambayo vumbi la mwili litaungana tena na roho kurudishwa, na mapenzi yarudi.

Huu ndio muhtasari. Sasa tuingie katika mizani.

Je, inafaa kumwomboleza maiti kwa shairi?

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa fiqhi ataliuliza ni hili. Kwani hatukufundishwa kuwa niyaha ni haramu? Naam, ni haramu, na hakuna ikhtilafu ya maana katika hilo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj, kwenye mlango wa janaza, kwamba kulia kunajuzu kabla ya mauti na baada yake, na kwamba linaloharamishwa ni kuomboleza kwa kuhesabu sifa za maiti, kupiga mayowe, na kujipiga kifua na mfano wake. Tofauti hii baina ya chozi na mayowe ndiyo msingi.

Asili yake ni tukio la Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), alipokuwa anakata roho. Anas (r.a.) anasimulia, katika riwaya ya Bukhari na Muslim, kwamba macho ya Mtume yalibubujika machozi. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akastaajabu kuwa hata yeye Mtume analia. Mtume akamfahamisha kuwa hiyo ni rehema. Kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Kwa hiyo kinachopimwa msibani ni ulimi, na shairi ni kazi ya ulimi.

Ama hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Abdullah bin Abi Awfa (r.a.) ya kukatazwa mashairi ya maombolezo (marathi), katika sanadi yake yumo Ibrahim al-Hajari, ambaye wanazuoni wa hadithi wamemdhoofisha. Na hata wanaoitumia wanaielekeza kwenye yale maombolezo yanayochochea huzuni upya na kulalamikia qadari. Kwani masahaba wenyewe walitunga. Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume, alimwomboleza Mtume kwa mashairi mashuhuri, na umma umeyapokea na kuyafundisha.

Tukilitazama shairi la Amina kwa kigezo hiki, hatuoni ndani yake kumlaumu Mwenyezi Mungu, wala kuuliza kwa nini yeye, wala kuapa kuwa maisha hayana maana tena. Mtungaji anasema ameumia, na anasema Mungu amefanya kwa rehema. Mambo haya mawili yamekaa pamoja katika kifua kimoja, na hapo ndipo tunapomkumbuka Nabii Yaqub (a.s.). Katika Suratu Yusuf, aya ya 84, tunaambiwa kuwa macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni. Lakini katika aya ya 87, mzee yuleyule aliyepofuka kwa huzuni ndiye anayewakataza wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kusema kuwa mfiwa akilia basi imani yake imepungua, na aisome sura hii upya.

Kutwaliwa kwa rehema

Kiini cha shairi, kwa maoni yetu, si ile sura ya ua ambayo watu wengi wanaipenda. Kiini ni pale mtungaji anapotaja dua zake ambazo hazikujibiwa kama alivyotaka. Aliomba mkewe apone, lakini mkewe hakupona. Mtu wa namna hiyo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kusema dua haina faida. Anaweza kusema Mungu alisikia lakini hakujali. Au anaweza kusema kwamba Mungu alisikia, akajali, na huko kumtwaa mgonjwa ndiko kulikokuwa kujali kwake. Shaaban Robert amechagua hii ya tatu, na hakuichagua kwa maneno mengi. Ameliweka neno rehema palepale ambapo watu huweka neno msiba.

Je, ana dalili? Anazo. Abu Qatada (r.a.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba jeneza lilipitishwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akasema kwamba maiti ama ni mwenye kupumzika, ama ni mwenye kupumzikwa naye. Walipomuuliza maana yake, akaeleza kuwa mja muumini anapumzika na taabu za dunia na udhia wake na kwenda kwenye rehema ya Mwenyezi Mungu. Ama mja muovu, watu na nchi na miti na wanyama ndio wanaopumzika naye. Ule ubeti ambao mshairi anajifariji kuwa mkewe amefika pasipo na taabu umesimama juu ya maana hii, alikusudia kuifuata hadithi au hakukusudia.

Na kuhusu kujali kwa Mola kwa waja wake, inatosha ile hadithi ya Umar (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Waliletwa mateka, na miongoni mwao mlikuwa na mwanamke aliyekuwa akimtafuta mtoto. Kila akimpata mtoto humkumbatia kifuani na kumnyonyesha. Mtume (s.a.w.) akawauliza masahaba kama wanadhani mwanamke yule anaweza kumtupa mwanawe motoni. Wakajibu kuwa hawezi kamwe, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu waja wake kuliko mama huyo kwa mwanawe. Anayeijua hadithi hii, kisha akamwombea mgonjwa wake na mgonjwa akafa, hana haki ya kusema kuwa ombi lilianguka chini.

Tazama pia dua ya kwanza katika shairi, ya kuombewa nuru. Abu Salama (r.a.) alipokufa, Mtume (s.a.w.) aliingia, akamfumba macho, kisha akamwombea maghufira, akaomba daraja yake inyanyuliwe, akawaombea aliowaacha nyuma, na akaomba kaburi lake lipanuliwe na litiwe nuru. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ummu Salama (r.a.). Mume wa Tanga anayemwombea mkewe nuru amelishika neno la Sunna.

Fundo la ndoa baada ya mauti

Tumetaja kuwa mshairi anadai mapenzi yao hayana wa kuyafungua. Msomaji mwepesi atasema hiyo ni lugha ya wapenzi. Lakini nyuma ya lugha hiyo ipo mas'ala ya fiqhi: je, mauti yanakata ndoa moja kwa moja?

Wanazuoni wamelijadili hili katika mlango wa kuosha maiti. Abu Hanifa (r.a.) amesema mume hamwoshi mkewe aliyekufa, kwa kuwa kwa upande wake kifungo kimekatika, ama mke anamwosha mumewe kwa sababu bado yumo katika eda. Jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii ambao madhehebu yao ndiyo tunayoyafuata katika pwani hii, wamesema kila mmoja anaweza kumwosha mwenzake. Dalili zao ni pamoja na kauli ya Mtume (s.a.w.) kumwambia Aisha (r.a.) kwamba lau angelitangulia kufa yeye, angelimwosha na kumkafini mwenyewe, na riwaya kwamba Ali (r.a.) alimwosha Fatima (r.a.). Nao wanarithiana, na urathi ni athari ya ndoa. Marehemu Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, mwanachuoni wetu wa Tanga, alikwisha kutuandikia Nikahi na Mirathi kwa Kiswahili, na mwenye kuvisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja ataona jinsi milango hii inavyoshikana.

Kwa hiyo, katika madhehebu yetu, mume anayesema kuwa mauti hayakulifungua fundo lote hajatoka nje ya fiqhi. Fundo limelegea katika mambo ya dunia: anaweza kuoa nduguye marehemu, na anaweza kuoa mke wa nne. Lakini heshima ya ndoa ipo, ndiyo maana mkono wake bado ni halali kwenye josho.

Na kwa upande wa Akhera, tumaini la mshairi la kurejeana lina msingi ulio wazi. Katika Suratu Ra'd, aya ya 23, wameahidiwa waumini mabustani ya milele watakayoingia wao pamoja na waliokuwa wema katika wazee wao, wake zao na vizazi vyao. Katika Suratu Ghafir, aya ya 8, Malaika wanaobeba Arshi wanawaombea waumini dua hiyohiyo. Angalia sharti iliyotajwa: waliokuwa wema. Kukutana hakuji kwa mapenzi peke yake, bali kwa imani na amali za pande zote mbili. Hapa tumaini linageuka kuwa kazi kwa aliyebaki. Mjane au mgane anayetaka kukutana na mwenzake hana budi kuutengeneza umri uliomsalia.

Kumshuhudilia maiti Pepo

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo shairi linahitaji kusomwa kwa tahadhari. Katika ubeti mmoja mshairi anamwambia mkewe, kwa tamko la moja kwa moja, kuwa ataingia Peponi. Hakusema inshaallah, wala hakusema natumai. Je, inajuzu?

Bukhari amepokea kisa cha Ummul-Alaa (r.a.), mwanamke wa Kiansari. Wahajiri walipogawanywa kwa kura kwa watu wa Madina, nyumba yao iliangukiwa na Uthman bin Madh'un (r.a.). Akaugua kwao, wakamuuguza mpaka akafa. Mtume (s.a.w.) alipoingia, yule bibi akamshuhudilia marehemu kwamba Mwenyezi Mungu amemkirimu. Mtume akamuuliza amejuaje. Kisha akasema kuwa kwa hakika yakini imemfikia Uthman, naye Mtume anamtarajia kheri. Bibi yule akasema kuwa tangu siku hiyo hakumtakasa mtu tena.

Uthman bin Madh'un hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa katika waliotangulia kusilimu na mwenye zuhdi kubwa. Ikiwa yeye hakukatiwa hukumu ila kwa kutarajia, basi sisi na maiti wetu tuna haki zaidi ya kutumia neno hilo la kutarajia. Na huu ndio msimamo wa Ahlu Sunna: hatumkatii mtu maalumu Pepo wala Moto, ila aliyetajwa na nassi, tunamtarajia mwema, na tunamwogopea muovu.

Pengine mtu ataleta hadithi ya Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim, ya jeneza lililosifiwa na masahaba, Mtume (s.a.w.) akasema imewajibika, yaani Pepo, na kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Tunasema: hadithi ni sahihi, na sifa njema ya watu wema ni bishara kubwa kwa maiti. Lakini aliyesema imewajibika ni Mtume anayeletewa wahyi. Sisi tunaichukua bishara, hatuikalii kiti cha hukumu.

Je, basi mshairi amekosea? Tukiutoa ubeti ule peke yake, dhahiri yake haisalimiki. Lakini insafu ya uhakiki ni kulisoma shairi lote. Mwanzoni mwa shairi, mtungaji anamwombea mkewe kukubaliwa Peponi. Na mtu haombi kitu ambacho amekwisha kukatia kuwa kimepatikana. Mwishoni anarudi kwenye dua. Ubeti wa tamko umekaa katikati ya dua mbili, na kauli iliyo wazi huifasiri isiyo wazi. Kwa hiyo tunauchukulia kuwa ni matarajio yaliyosemwa kwa lugha ya yakini kutokana na nguvu ya dhana njema. Hata hivyo, mwalimu anayelisomesha shairi hili kwa vijana wa Kiislamu inampasa awafahamishe tofauti hiyo, wasije wakaichukua sura ya maneno na kuacha adabu yake.

Na jambo hili si la vitabuni tu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, ikafa halaiki ya watu, na simanzi yake ikaenea pwani yote hii. Hadithi sahihi inamtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Ni faraja kubwa, na inafaa wafiwa waambiwe. Lakini wanazuoni wametenganisha baina ya hukumu ya jumla na kumkatia mtu mmoja mmoja. Na Bukhari ameweka mlango maalumu katika Kitabu cha Jihadi wa kutosema kwa kukata kuwa fulani ni shahidi. Maneno yaliyo salama ni kusema: tunamtarajia Mwenyezi Mungu amwandike fulani katika mashahidi. Mfiwa hapungukiwi faraja kwa neno hilo, na msemaji hamsemei Mola wake.

Maneno matatu kwa watu watatu

Ili tulielewe shairi hili vizuri, tuliweke pamoja na tungo mbili za jadi yetu. Ya kwanza ni Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Humo mshairi anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na matajiri waliolala chini ya udongo, kisha anautisha kwa adhabu ya Moto. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Watu wengi wanaujua utendi huu kwa nasaha za mke kwa mumewe, na hata waliouchapisha kwa Kiingereza mwaka 1934 waliupa jina la wajibu wa mke. Lakini sehemu kubwa ya mwisho ni dua ya mgonjwa. Anajiombea afya na msamaha, anawaombea watoto wake na Waislamu, na anatawasali kwa siku tukufu za Hija. Huyu ni mtu aliyekabiliwa na mauti, na ulimi wake umejaa matarajio.

Ukizipanga tungo hizi tatu utaona kila moja ina mtu wake. Al-Inkishafi inasema na mwenye afya aliyeghafilika. Mwana Kupona anatufundisha la mgonjwa. Shaaban Robert anatupa la mfiwa. Na huu ndio mpango wa wanazuoni. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba khofu ni kama mjeledi unaomhimiza mtu afanye amali, na mauti yakikaribia wakati wa amali umekwisha, kwa hiyo lililo bora kwa mtu wakati huo ni matarajio na dhana njema. Naye Nawawi katika Minhaj amemtaka mgonjwa aliyefikwa na mauti amdhanie Mola wake vyema. Dalili ni hadithi ya Jabir (r.a.) katika Muslim, kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.), siku tatu kabla ya kufa kwake, akikataza mtu yeyote asife ila hali ya kuwa anamdhania Mwenyezi Mungu vyema.

Kosa letu, ndugu maimamu, ni kuyahamisha maneno. Katika misiba mingi tunayohudhuria, Tanga mjini na vijijini, mtu anasimama juu ya kaburi ambalo udongo wake bado mbichi, na watoto wa marehemu wamesimama hapo, akaanza kueleza nyoka wa kaburini na marungu ya Malaika, na kutaja nani marehemu aliyekuwa haonekani msikitini. Maneno hayo mengine ni ya haki, lakini mahali pake ni kwa wazima, katika khutba na darsa, kabla ya kifo. Wengine wanamwingilia mgonjwa mahututi na kumkumbusha madhambi yake mpaka anageuza uso ukutani. Fiqhi yetu inasema hata shahada mgonjwa akumbushwe kwa upole bila ya kusisitizwa, asije akachoka na kuichukia. Basi vipi atasisitiziwa adhabu?

Na kuna kosa la upande wa pili, la kumpa mfiwa hakikisho la bei rahisi. Anaambiwa usilie, marehemu yuko Peponi, yamekwisha. Kisha hakuna anayeuliza deni la marehemu, wala wasia wake, wala dua yake baada ya siku tatu. Hakikisho la namna hiyo linamnyima maiti kitu anachokihitaji zaidi, nacho ni kuombewa. Mwenye kutarajia huomba, ama aliyekata shauri huenda akanyamaza.

Shairi la Amina, pamoja na tahadhari tuliyoitaja, limesalimika na makosa yote mawili. Halimtishi maiti kwa adhabu, wala haliachi kumwombea. Linaanza kwa dua na kumalizika kwa dua, na baina yake limeruhusu chozi.

Kwa wanaosomesha na wanaosimamia misiba

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa madrasa wasilione shairi hili kuwa ni la shuleni tu. Walisomeshe pamoja na mlango wa janaza, na mwanafunzi aonyeshwe ni wapi linaafikiana na nassi, na ni wapi linahitaji qaidi ya inshaallah. Pili, imamu akimzuru mgonjwa aliye karibu na mauti, amtangulizie aya ya 53 ya Suratu Zumar, ambayo Mwenyezi Mungu anawaita waja wake waliojidhulumu nafsi zao, anawakataza wasikate tamaa na rehema Yake, na anawaambia kuwa Yeye husamehe madhambi yote. Tatu, baada ya maziko tushike Sunna ya kumwombea maiti msamaha na uthabiti, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akimaliza kuzika husimama na kuwaambia masahaba wamwombee ndugu yao, kwa kuwa wakati huo anaulizwa. Hakuwaambia wamhukumu.

Anas (r.a.) amesimulia, katika riwaya ya Tirmidhi, kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia kwa kijana aliyekuwa katika sakaratul-mauti, akamuuliza anajikutaje. Akajibu kuwa anamtarajia Mwenyezi Mungu na anaziogopa dhambi zake. Mtume akasema kwamba mambo hayo mawili hayakusanyiki katika moyo wa mja mahali kama hapo, ila Mwenyezi Mungu humpa analolitarajia na humpa amani na analoliogopa. Kijana huyo hakuwa na jibu refu, na Mtume hakumtaka jingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) amrehemu Amina, amrehemu mumewe aliyetufundisha kusema neno zuri msibani, awatie nuru makaburini mwao, awarehemu maiti wetu na maiti wote wa Kiislamu, na atujaalie tufe hali ya kuwa tunamdhania Yeye vyema. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.